Shajara ya mradi: mafunzo ya picha za watoto wenye mahitaji maalum, na siku tulipopiga marufuku "angalia hapa"

Wiki ya 1

Haya naanza kuandika kabla sijasahau, maana niliwahi kuanzisha mradi mwingine nikasema ntaandika mwishoni, na mwishoni sikukumbuka hata kwanini nilianza. Mradi wenyewe ni huu: kozi ya siku 4 kwa wapiga picha ambao tayari wako kazini, kamera wanaijua vizuri, ila akiletwa mtoto mwenye usonji au mtindio wa ubongo au Down sindromu wanaanza kutoka jasho. Nimepata 9. Mi mwenyewe nina miaka 11 kwenye hii kazi na kusema ukweli miaka 8 ya mwanzo nilikuwa nawaharibia hawa watoto siku yao bila kujua.

Kilichonisukuma ni kijana mmoja wa miaka 6, ana usonji, haongei. Nilifanya yote ninayofanyaga, nikapiga makofi, nikaita jina, nikaweka mdoli juu ya lenzi, "angalia huku, huku huku, cheka kidogo", flashi pwaa pwaa pwaa. Fremu 240 na hakuna hata moja anayeangalia kamera. Basi nikawa namwonyesha mama yake kwenye skrini huku nafuta zile mbovu, tukafika moja dogo kasimama dirishani, kanyoosha vidole mbele ya macho anavichezesha kwenye mwanga, vidole vimetoka ukungu, uso uko upande, nikaweka kidole kwenye kufuta, mama akanishika mkono. Akasema usifute hiyo, huyo ndo mwanangu, hao wengine wote sijui umewatoa wapi. Na hiyo niliipiga kwa bahati tu aisee, nilikuwa napima mwanga.

Kazi ya wiki: tangazo limetoka. Limetoka na kosa. Nimeandika "Mafunzo ya kitaalamu ya kupiga watoto wenye mahitaji maalum", neno picha nimelisahau, limekaa hewani saa 3 nzima kabla mtu hajanipigia simu ananiuliza kama niko sawa.

Wiki ya 2

Rasimu ya kwanza ya mtaala ilikuwa na moduli 8, katika hizo 5 ni vifaa na mwanga. Nikampelekea mwalimu wa elimu maalum aipitie, akairudisha imejaa wino mwekundu na juu ameandika swali moja: mtoto yuko wapi humu? Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaisoma tena nikaona kweli, mtoto alikuwa anatokea ukurasa wa 19.

Afu nikakaa na dada mmoja wa fiziotherapia na hapo ndo nikapata kitu ambacho sijawahi kusikia kwa mpiga picha yeyote. Baadhi ya watoto wenye mtindio wa ubongo wanabaki na zile rifleksi za uchangani ambazo kwa watoto wengine hupotea ndani ya miezi ya mwanzo. Mojawapo iko hivi: kichwa kikigeukia kulia, mkono wa kulia unanyooka wenyewe na wa kushoto unakunja, kama mtu anavuta upinde. Mtoto hajaamua, mwili umeamua. Sasa we mpiga picha umesimama pembeni unaita "huku huku", mtoto akigeuka mkono unaruka, mwili unapinda, unaanza kumwambia mama amshike mkono utulie, kumbe wewe ndo umemgeuza. Simama katikati, mbele yake kabisa, lenzi kwenye usawa wa macho yake, na nusu ya tatizo imekwisha. Nyingine ni ya kushtuka, sauti ya ghafla au mwanga wa ghafla mwili mzima unaruka mikono inafunguka. Yaani ile pwaa yangu kila sekunde tatu nilikuwa nawashtua watu kwa zamu.

Nimefuta moduli 3 za vifaa. Imeniuma, nilizichorea michoro mizuri kweli.

Wiki ya 3

Wiki nzima imeisha kwenye fomu. Hii ni fomu ya maswali ambayo mzazi anajaza kabla ya siku ya picha, na wanafunzi wangu wote 9 walidhani ni kitu cha dakika kumi. Rasimu ya kwanza ilikuwa na maswali 41, mama mmoja aliyetusaidia kuijaribu akasema akijaza hii atachoka kabla hata hajamvalisha mtoto. Tumeshusha hadi 14.

Yale yaliyobaki yana sababu zake na nataka niziandike hapa ili mtu asije akayakata tena. Swali la kifafa lazima, na linauliza mwanga unachangia au la. Katika watu wenye kifafa ni kama 3 kwa 100 ambao mwanga wa kumwekamweka unaweza kuwaletea degedege, na wengi wao ni watoto na vijana, na hatari zaidi ni mwanga unaowaka na kuzima kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde. Mtu anayepiga mfululizo na flashi fremu 6 au 8 kwa sekunde yuko humo humo ndani. Akijibu ndiyo, flashi haitoki kwenye begi.

Swali la aleji ya lateksi, ule mpira wa glavu. Hili kaka mmoja kwenye kundi alibisha sana, "sisi ni wapiga picha sio madaktari wa meno". Nikamuuliza studio yako ina nini cha kuchangamsha watoto, akasema mabaluni. Mabaluni mengi ni lateksi. Watoto waliozaliwa na mgongo wazi wengi wao wana aleji nayo, wamefanyiwa upasuaji mara nyingi tangu wachanga, glavu, mirija, mwili umeichukia, na kwa wengine aleji hiyo inaweza kuua. Hakubisha tena. Mabaluni yametoka kwenye orodha ya vifaa, yameingia mapovu ya sabuni.

Swali la shingo ni kwa ajili ya watoto wenye Down sindromu zaidi. Baadhi yao kiungo cha juu kabisa cha shingo, kati ya pingili ya kwanza na ya pili, kinalegea, kwahiyo ule mtindo wetu wa kumshika mtoto kidevu na kumgeuza taratibu uishe leo. Humgusi kichwa. Na zile picha za baba anamrusha mtoto juu hewani hazipigwi mpaka mzazi mwenyewe aseme daktari ameruhusu.

Afu kuna maswali mawili ninayoyapenda kuliko yote na yote yalitoka kwa wazazi. Moja, akifurahi anafanyaje? Kwasababu si kila mtoto akifurahi anatabasamu, kuna anayepiga mikono kama mabawa, kuna anayevuma kama nyuki, kuna anayekaa kimya kabisa anatulia, na mpiga picha anayesubiri meno atasubiri mpaka jioni huku furaha inampita. La pili, akikataa anakataaje? Jibu moja tulilopata: "anafunga macho taratibu, hafanyi fujo yoyote, kwahiyo watu hudhani amekubali". Nimelisoma hilo jibu mbele ya darasa lote na chumba kikawa kimya.

Wiki ya 4

Majaribio ya vifaa. Fupi, maana hapa ndo tunajua.

Shata ya kimya, yaani kamera inapiga bila ule mlio wa "klik", ndo rafiki yetu. Tangu 2013 mwongozo wa Marekani wa wataalamu wa akili, ule DSM-5, umeweka kwenye vigezo vya usonji suala la kuhisi sauti, mwanga na miguso kupita kiasi au chini ya kiasi, na wanafunzi wakiisikiliza kamera yao kwenye chumba kimya wakiwa wamefumba macho wanaelewa haraka. Ila shata ya kimya ina ugonjwa wake, chini ya taa za umeme inaleta mistari kwenye picha. Taa ya umeme wa 50 Hz inapepesa mara 100 kwa sekunde, wa 60 Hz mara 120, na sensa ya kamera inasoma picha mstari kwa mstari kwahiyo inakamata ule upepesaji. Ukiweka kasi ya shata 1/100 au 1/50 ya sekunde kwenye umeme wa 50 Hz mistari inapotea, lakini mtoto anayejitikisa mbele nyuma 1/100 haimshiki, unahitaji 1/500 na kuendelea. Jibu letu: zima taa, sogea dirishani, panda ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, acha kuogopa chembechembe. Picha yenye chembe mzazi ataitundika ukutani, yenye mistari hataitundika.

Zimeni pia mlio wa fokasi, mlio wa flashi ikijaa, ile taa nyekundu ya kusaidia fokasi, na ile flashi ya kuondoa macho mekundu inayopepesa kabla ya picha yenyewe. Mtoto mwenye miwani: pandisha mwanga juu usiakisi kwenye vioo. Kiti mwendo: ni kama sehemu ya mwili wake, usiegemee, usitundike begi, usisukume bila kuomba, usifungue mkanda hata kama unakuharibia fremu. Na usikisogelee na lenzi pana, gurudumu litatoka kubwa kuliko mtoto.

Imetuchukua siku moja na nusu. Mwaka jana ningeipa kozi nzima.

Wiki ya 5

Vitendo vya kwanza. Vimeenda vibaya, naandika vyote.

Mtoto wa kiume, miaka 7, usonji, fomu imejazwa vizuri, mwanga wa dirisha, shata ya kimya, kila kitu kwenye karatasi sawa. Mwanafunzi mmoja anapiga, wengine wawili pembeni wanaandika wanachoona. Mmoja wao, sijui nani alimtuma, akaamua kuhesabu "angalia hapa" na ndugu zake wote, angalia kamera, tazama huku, niangalie. Dakika 20. Mara 63.

Kwenye ya arobaini na ngapi hivi mtoto alishaziba masikio na yuko chini ya meza. Mwanafunzi akapiga goti akaingiza lenzi chini ya meza akasema, kwa sauti nzuri tu ya upole, "niangalie basi". Hapo nikasimamisha. Nilichelewa kusimamisha, hilo ni langu sio lake. Tukamuomba mama radhi, akasema hamna shida amezoea, na hilo neno amezoea limenikaa kooni wiki nzima.

Jioni tukakaa na ile namba 63. Kuna aliyesema tatizo ni sauti, tuseme taratibu. Kuna aliyesema tutumie kadi ya picha badala ya maneno. Mi nikawa nafikiria yule dogo wa dirishani, nikasema hapana, tatizo ni lile tunaloliomba. Kwa watoto wengi wenye usonji kukutana macho ni kazi nzito, wengine wanasema inauma, na sisi tumeifanya ndo kipimo cha picha kutoka. Tukipunguza sauti tunaomba kitu kile kile kwa adabu zaidi.

Kwahiyo kuanzia leo kwenye hii kozi neno limepigwa marufuku. Atakayesema "angalia hapa" anaweka kamera chini dakika 5. Badala yake: dakika 10 za mwanzo hakuna kamera mkononi, unakaa sakafuni, kamera iko sakafuni pia, imezimwa sauti, mtoto akitaka kuigusa aiguse, akitaka kubonyeza abonyeze. Fundi mmoja hapa akasema lenzi yake ni ya gharama. Nikamwambia leta ile nyingine.

Na ratiba ya picha ukutani: kufika, kucheza, picha, mapovu, nyumbani. Kila hatua ikiisha mtoto anabandua karatasi yake. Hiki walimu wa elimu maalum wanakitumia kila siku, sisi ndo tumechelewa.

Wiki ya 6

Vitendo vya pili, na sasa naona kukataza neno peke yake hakutoshi.

Binti wa miaka 9, ana ualbino. Macho yake yanachezacheza, yanaenda kushoto kulia bila yeye kutaka, hii ni kawaida kwa wenye ualbino. Kila akikaa anainamisha kichwa upande na kukigeuza kidogo. Mwanafunzi wangu hakusema neno lililokatazwa, hapana, alikuwa mjanja zaidi, akawa anasogea yeye ili uso utoke umenyooka, na yule binti kila akisogelewa anageuza tena kichwa kile kile, wakawa wanazunguka chumba kama wanacheza ngoma. Mwisho binti mwenyewe akacheka akasema, "Mjomba, nikikuangalia hivi sikuoni, nikigeuza hivi ndo unakaa."

Unakaa. Yaani kuna pembe moja ya kichwa ambayo macho yake yanatulia, picha inaacha kutikisika, na mtoto anaitafuta mwenyewe tangu mdogo. Madaktari wa macho wanaijua vizuri. Sisi kazi yetu imekuwa kunyoosha hivyo vichwa, na ukinyoosha umemzima kuona ili wewe upate picha amenyooka. Picha aliyoipenda mwenyewe kichwa kimelala hivyo hivyo, na anakuangalia kweli.

Upande wa mwanga: hakuna taa mbele ya uso, inamuumiza. Dirisha lenye pazia jepesi, mwanga kutoka pembeni, nje ni kivulini. Kamera ilikuwa inadanganyika na nywele na ngozi ikatoa picha giza, mwanafunzi akapandisha mwanga mno, mashavu kwenye picha yakaungua yakawa meupe kama karatasi. Chungulia ile grafu ya mwanga, usiamini skrini. Fokasi ya macho ya otomatiki nayo ilikuwa inarukaruka, tukafunga tundu la lenzi hadi f/5.6 ili uso wote utoke wazi, tukafokasi sehemu moja tu, ikatosha.

Siku hiyo hiyo tulikuwa na mtoto kiziwi, miaka 10, na yeye alitufundisha kitu kidogo sana: ukinyanyua kamera ukaziba uso, umemkatia simu. Midomo haioni, sura haioni, mikono yako imeshika kamera. Tukaweka tripodi, rimoti mfukoni, mpiga picha amekaa kando ya lenzi mwanga unampiga usoni, sio dirisha nyuma yake. Wakachat kwa ishara, dada yake anatafsiri pale tulipokwama, tukatoka na picha nyingi kuliko siku yoyote.

Wiki ya 7

Kuediti na ruhusa. Nilijua kutakuwa na ugomvi na ukatokea.

Picha ya kijana mwenye mrija wa kulishia tumboni, unaonekana kidogo chini ya fulana. Mwanafunzi mmoja ameufuta, kazi safi kweli, hauoni hata alama. Mwingine akawaka, umefuta kitu kinachomfanya awe hai. Wa kwanza anasema mama angeomba. Mbona hukumuuliza? Kimya. Tumemuuliza mama kwa simu, akasema acheni mrija, toeni ile makamasi.

Tumeandika hivi: kitakachopona ndani ya wiki mbili, mchubuko, mafua, upele, toa. Kisichopona kiko pale mpaka mtoto au mzazi aseme, na mtoto akiweza kusema anaanza yeye. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, unasema maoni ya mtoto yasikilizwe kwenye mambo yanayomhusu, na sura yake sijui kama kuna kinachomhusu zaidi. Kwa asiyeongea tunarudi kwenye lile swali la fomu, anakataaje.

Kwenye moduli hii nimeweka habari ya Rick Guidotti, alikuwa mpiga picha wa mitindo Marekani, akavutiwa na binti mwenye ualbino, akaenda kutafuta picha za watu kama yeye akakuta zile za vitabu vya udaktari, watu wamesimamishwa ukutani kama vielelezo. Mwaka 1998 picha zake za wenye ualbino zikatoka kwenye jarida la LIFE na akaanzisha shirika lake la Positive Exposure. Nawaonyesha wanafunzi bila kuhubiri, nawauliza tu mwanga wake unatoka wapi, wanaona wenyewe kwamba ni mwanga ule ule wa mitindo.

Ruhusa: sahihi ya kupigwa picha ni moja, ya kutumia picha kwenye matangazo yako ni nyingine, karatasi tofauti, siku tofauti ikiwezekana, na mzazi akikataa ya pili ya kwanza haiguswi. Faili zikitoka lokesheni inafutwa, jina la shule kwenye sare linazibwa. Na maelezo chini ya picha hayataji ugonjwa. Watu wanapenda kuandika "shujaa mdogo". Ameenda kupigwa picha jamani, sio vitani.

Wiki ya 8

Hali ya mradi: moduli 6, vifaa vimebaki 1. Fomu iko tayari. Wanafunzi 8, mmoja ameacha, alisema hii sio biashara kwasababu mtoto mmoja anakula saa mbili. Hajakosea hesabu, na bado sina jibu zuri la hilo, wengine wameanza kupanga mtoto mmoja tu asubuhi na harusi jioni ndo zinalipia.

Yule mtoto wa chini ya meza amerudi. Mama yake ndo alipiga simu, sikutegemea. Mwanafunzi yule yule, aliomba mwenyewe. Dakika 14 hakunyanyua kamera. Mtoto aliipata sakafuni, akabonyeza, akabonyeza, tumekuja kuhesabu baadaye ni picha 212 za viatu vyetu, kiti, na sikio la mwalimu. Alipochoka akalala chali kwenye mraba wa jua akaanza kuvuma, na kwenye fomu kuvuma ni furaha. Mwanafunzi akalala chini naye upande wa pili, akapiga fremu 31 na shata ya kimya. Katikati nikamuona mdomo umefunguka "ang…", akaufunga, akameza mate. Mwenye kuhesabu akaandika nusu.

Mama amechagua picha 3, moja ni ya kiatu changu.

Wakati wanaondoka akaomba ile fomu tena, akaandika pembeni ambapo hakuna swali: "Msimwambie 'good boy' wala 'hodari', huko alikotoka ndo walikuwa wanamwambia hivyo wakimlazimisha kutulia." Basi maswali yamekuwa 15, Ijumaa naprinti upya: kuna neno lolote ambalo tusimwambie?